Kabine ya Upande wa Congo

Saa nane mchana. Kamembe.

Rukundo alichora meli kwa chaki juu ya bati, katika chumba cha nyuma cha karakana ya Mudathiru, fundi wa kufuli. Aliichora vibaya. Ilifanana na kiatu. Lakini Rukundo hata akikosea hukosea kwa sauti kubwa, kwa hiyo wenzake watatu wakakubali kwamba kile kiatu ni meli.

"Mzee Muderhwa anapanda leo, anaenda Rubavu," alisema. "Dhahabu yake iko katika sanduku ndogo, anaifunga na mnyororo kwa kitanda. Akienda kula, Mudathiru anafungua mlango, anakata mnyororo, tunarudi katika kabine yetu. Mbele ya kijiji ya Nkanka meli inapunguza mwendo ili batalii bapige picha. Kamali iko chini na mtumbwi, upande wa Congo, anaimba. Tunamutupia sanduku, tunaruka. Kisha Bukavu!"

"Ninaimba nini, Shefu?" aliuliza Kamali, mwenye mtumbwi.

"Wimbo ya bavuvi. Nani atashuku muvuvi akiimba?"

Wazo zuri kweli. Saa ile ziwa zima huimba wimbo huo.

Zulaikha, mke wa Mudathiru, ndiye aliyetumwa kukata tiketi. "Kabine ya kushoto ao ya kuume?"

"Kushoto, kuume, hayo ni mambo ya basoda bakipiga gwaride. Leta ya upande wa Congo. Mimi peke yangu ndiye ninapanga hapa, Maman Hawa."

Hapa Rusizi hata mbuzi akipotea utaambiwa yuko upande wa Congo au upande wa Rwanda. Milima haihami, watu wamezoea hivyo. Katika vichwa vinne vya chumba kile, hakuna hata kimoja kilichokumbuka kwamba meli hugeuka.

Zulaikha hakuwa na hamu ya dhahabu. Alikuwa na hofu moja tu. Mudathiru alishafungwa mara moja kwa sababu ya Rukundo. Akishikwa tena, atatoka binti yao Hawa ameshaolewa. Alimwambia mumewe akatae. Mudathiru akasema Shefu ni ndugu, hawezi kumtupa. Mtu mzima, mikono ya dhahabu, na bado anaamini upuuzi kama huo.

Saa kumi. Bandarini.

Meli ilikuwa imefungwa gatini, pua ikitazama mjini. Zulaikha alimwambia mkata tiketi, "Ya upande wa Congo," na mkata tiketi akampa kabine ambayo dirisha lake lilitazama Congo. Kila mtu akaridhika.

Rukundo aliingia na kufunga pazia papo hapo. Jambazi haonekani, alisema. Zulaikha akafungua begi la Rukundo kuweka mkate wa safari. Ndani mlikuwa na jile moja, lile koti la kuelea majini. Moja.

"Shefu, mnaruka babili. Ya Papa Hawa iko wapi?"

"Iko kwa Kamali, ndani ya mtumbwi."

Yaani mtu asiyejua kuogelea avae jile baada ya kufika kwenye mtumbwi. Zulaikha akafunga begi taratibu. Akamwangalia mumewe, naye Mudathiru akaangalia viatu vyake.

Saa kumi na moja kasorobo. Ziwani.

Meli ilirudi nyuma, ikazunguka polepole, ikaelekea kaskazini. Zulaikha alikuwa amesimama ukingoni, karibu na kabine yao. Milima ya Congo ikapita mbele ya macho yake, ikaenda zake, na pale ilipokuwa ikaja migomba ya Rwanda. Akaelewa. Ndani, nyuma ya pazia, bingwa wa mipango alikuwa anatapika katika ndoo.

Angeweza kugonga mlango. Neno moja tu, mpango ungevunjika, na Rukundo angepanga mwingine wiki ijayo, na Mudathiru angemfuata tena. Hakugonga. Alikwenda kujificha kwenye kona, karibu na kabine ya Muderhwa, amzuie mumewe asiruke.

Saa kumi na moja na nusu. Mbele ya Nkanka.

Muderhwa alipanda juu kula samaki. Mudathiru alifungua mlango wa kabine ya mzee kwa ufunguo aliouchonga mwenyewe, akakata mnyororo, akampa Rukundo sanduku. Rukundo akatoka. Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka kwa nje.

"Shefu?" aliita Mudathiru. "Shefu!"

Shefu alikuwa ameshafika kabine yao, anavaa jile. Mbinja ikasikika kutoka majini, kisha wimbo wa wavuvi. Akavuta pazia. Chini yake palikuwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na wanaume wengi wakipiga makasia. Mwenye akili angeshtuka. Rukundo akafurahi: Kamali ameleta wasaidizi! Akatupa sanduku, akaruka.

Zulaikha akatoka kwenye kona yake, akazungusha ufunguo uliobaki mlangoni. Mudathiru alitoka akilia kama mtoto aliyepigwa na baba yake.

"Alinifungia, Maman Hawa."

"Ninajua. Pangusa uso. Twende tusimame na batu."

Nje abiria walikuwa wamejaa upande wa Rwanda. Wavuvi walikuwa wamemnasa Rukundo kwa wavu wa kuvulia visamaki vya sambaza, na mkubwa wao, Harelimana, alishika sanduku juu.

"Muntu wenu ameanguka!" alipaza sauti. "Na sanduku yake hii!"

"Ni yangu hiyo!" Muderhwa alipiga kelele, kipande cha samaki bado mkononi.

Wakampandisha. Askari wa meli akamfunga pingu. Maji yalimtiririka Rukundo, macho yakatembea juu ya watu, yakamkuta Mudathiru, yakamkuta Zulaikha. Mdomo ukafunguka. Zulaikha aliukamata mkono wa mumewe.

"Wewe ni mwizi gani," askari aliuliza, "unaruka upande wa Rwanda, katikati ya wavuvi wote wa Nkanka? Nani alikukatia hii kabine?"

Abiria wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jina la Zulaikha lilikuwa pale, kwenye ulimi wa Rukundo. Lakini kulitaja ni kukubali kwamba mke wa fundi ndiye aliyemkatia tiketi, mbele ya watu wanaocheka. Rukundo akainua kidevu.

"Nani anaweza kunikatia mimi? Nilichagua upande mimi. Nilipanga yote mimi peke yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu!"

Zulaikha akamvuta mumewe taratibu mpaka upande wa pili wa meli, upande wa Congo, ambako hapakuwa na abiria hata mmoja. Chini yao Kamali alikuwa anaimba, shingo imeinuka, anangoja sanduku.

"Rudi kwako, Kamali," Zulaikha alimwambia. "Imekwisha."