Kiwanja Ambacho Mzee Gottlieb Hakukitaja

Ukuta wa jikoni unaotazama uani ulikuwa na joto. Minna Kessler aliugusa bila kukusudia alipokuwa akitundika sufuria, akauondoa mkono haraka. Jiko la makaa lilikuwa upande wa pili wa chumba, na halikuwa limewashwa tangu asubuhi. Nje theluji ya Februari ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

Jioni ukuta ukapoa. Kesho yake, saa ileile, ukapata joto tena, na safari hii ukatoa harufu ya karanga na ya sufu iliyoungua.

Walikuwa wamehamia nyumba ile ya Philadelphia miezi mitatu tu kabla ya hapo: Minna, mumewe Otto aliyefanya kazi kiwanda cha bia, binti yao Lottie wa miaka sita, na mzee Gottlieb, baba yake Otto. Siku mzee alipoonyeshwa nyumba alisema hapafai, ila hakusema kwa nini, na Otto hakuwa na uwezo wa kutafuta nyingine.

Mzee alipenda besiboli kuliko kwenda kanisani. Mezani angekutajia viwanja vyote vya zamani vya mji ule, vile vya mbao vilivyokwisha kutoweka: kile kilicholaliwa na karakana ya tramu, kile kilichogeuzwa bohari ya makaa, kile ambacho madhabahu ya Walutheri imekaa palepale aliposimama mpigaji. Lottie alivijua vyote kwa moyo.

Wiki ya pili zikaanza nyayo, nyayo nyingi juu ya mbao, ingawa sakafu ya jikoni ilikuwa ya mawe. Kisha ukuta ukaanza kugongwa kutoka ndani. Na Lottie akaanza kukohoa. Daktari alitazama kile alichokitema kwenye leso, akamkaripia Minna.

"Huyu mtoto mnamlaza kwenye moshi?"

"Hakuna moshi, daktari."

"Mama, haya ni masizi."

Kufikia Jumatano Lottie hakuweza kula. Saa tisa na nusu ilipofika alikaa kitandani wima, akaongea taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Wanasema, Gottlieb, fungua."

Mzee alikuwa mlangoni. Akageuka, akaondoka.

Minna alituma watu wamlete Mama Hiester, mganga kutoka Lancaster, ambaye Wajerumani wa mtaa ule walimwita kila mtu alipoungua moto. Alikuja Alhamisi mchana, kizee mfupi mwenye viatu vya kiume. Alimpulizia Lottie mara tatu, akasoma maneno yake chini kwa chini, kisha akaenda kuweka sikio ukutani.

"Hawa hawataki kuingia, binti," alinong'ona. "Wanataka kutoka. Nani hapa aliwafungia?"

Minna akamgeukia mkwewe, aliyekuwa kajikunja kitini.

"Baba, hapa palikuwa na nini?"

"Nyumba."

"Kabla ya nyumba. Baba, mtoto ananifia. Nakuomba."

Mzee alitazama mikono yake.

"Palikuwa na kiwanja, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa bawabu wa geti la nyuma. Watu walikuwa wanapenya bila tiketi, bosi akasema funga, nikafunga. Majukwaa yaliposhika moto wote wakakimbilia huku. Na mimi niko nje, ufunguo mfukoni."

"Kwa nini hukufungua?"

"Joto. Nilifika hatua kumi hivi, nikageuka."

"Ufunguo uko wapi?" aliuliza Mama Hiester.

"Niliutupa mtoni."

"Basi shika nyundo, mzee. Saa yao imefika."

Mzee Gottlieb akapiga, na kila alipopiga ukuta ulizidi joto, na kule ndani ngumi zikajibu, kwanza chache, halafu nyingi, halafu ukuta mzima ukawa unatetemeka na vyombo vinaanguka na Lottie anakohoa bila kuvuta pumzi, na mzee analia huku anapiga, viganja vinambabuka kwenye mpini, mpaka tofali moja likachomoka, likafuata la pili, na tundu likawa la kupita mtu, na ndipo Minna, aliyemkumbatia mwanawe sakafuni, akahisi mabega yakimsukuma, makoti yakimgusa shavuni, watu wasioonekana wakipita mbio, mmojammoja, kuelekea kwenye theluji ya uani.

Kisha kimya. Lottie akavuta pumzi ndefu, safi.

"Mama, nina njaa."

Minna akaangua kilio. Mama Hiester akafunga mkoba wake, akasema nyumba sasa iko safi.

Lottie alikuwa akichungulia tunduni.

"Mama, mbona hawaendi? Wamesimama tu uani. Wanamwangalia Babu."

Minna alitazama, akaona theluji tupu. Mama Hiester alitazama pia, kisha akamgeukia mzee. Mzee Gottlieb alisimama, akafunga vifungo vya koti lake hadi kooni, akapapasa kichwa chake kama aliyesahau kitu.

Minna alijua anatafuta nini. Angeweza kumshika mkono, angeweza kumwambia kaa, Baba. Badala yake alikwenda msumarini, akachukua kofia ya mzee, akampa.

Jioni Otto alirudi, akastaajabia ukuta, akauliza baba yuko wapi.

"Ametoka," Minna alisema, akaendelea kumlisha mtoto supu.