Mtumbwi Usiuache

Josefina alikuwa na hasira. Alipanga mafungu ya dagaa kwa kuyabamiza mezani, na wateja walinunua bila kuomba nyongeza.

Yeye na mumewe Valerian ni wenyeji wa Kasense, kule juu kwenye baridi. Walihamia Wampembe, kando ya ziwa, kufanya biashara. Hupeleka unga kwa mtumbwi vijiji vya jirani na kurudi na dagaa. Juzi mtumbwi ulipinduka karibu na ufuko. Josefina alikuwa amevaa koti zito na mabuti, kama anakwenda shambani Kasense asubuhi ya kipupwe. Aliuacha mtumbwi, akajaribu kufuata nchi kavu. Koti likalowa, mabuti yakajaa maji, akazama. Wavuvi walimvuta kwa nywele. Kisha wakacheka.

"Maji yana wenyewe, mama Evodia," Valerian alimwambia. "Wewe baki nyumbani."

"Kwani wewe unajua kuogelea?"

Valerian aligeukia magunia ya unga. Hakujua hata kidogo.

Jirani yao Atusaye, afisa uvuvi mzaliwa wa Kyela, aliwasikia.

"Dada, hasira hiyo usiimalizie kwenye dagaa," alisema. "Njoo nikufundishe."

Waliingia mahali pasipo na mamba, maji ya kiunoni. Josefina alivua koti na mabuti, akavaa jaketi okozi la kumsaidia kuelea. Wakapanda, Atusaye akaupindua mtumbwi makusudi. Josefina alipaliwa na maji, akamkaba mwalimu wake shingo.

"Unataka kuniua?"

"Nataka uishi. Shika mtumbwi, usinishike mimi. Mbao haizami. Ufuko unauona karibu, lakini watu wengi hufa wakiufuata."

Josefina alimchukia siku ile. Kesho yake alirudi, akamchukia tena. Lakini alijifunza kutulia na kushika. Alijifunza kuugeuza mtumbwi, kuutikisa maji yamwagike, na kupanda kwa nyuma huku akipiga miguu. Hofu haikumtoka, ila ilianza kumtii.

Valerian hakutaka kujifunza. Jaketi okozi alisema ni la watoto.

Siku moja upepo uliwakuta mbali na ufuko, mtumbwi ukapinduka. Valerian akaanza kutapatapa kuelekea nchi kavu. Josefina alishika mtumbwi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamnyooshea kafi.

"Baba Evodia, shika hapa! Ufuko utakuua!"

Valerian akashika kafi, kisha mtumbwi. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Vua koti. Pumua. Haya, geuza pamoja nami."

Waligeuza, wakatikisa, wakapanda mmoja mmoja, mwenzake akishikilia upande wa pili. Unga wote ulipotea. Wao walifika.

"Mungu ametuokoa," Valerian aliwaambia watu ufukoni.

Damu ilimchemka Josefina.

"Ndiyo, ametuokoa. Alitumia mikono ya nani? Waambie."

Valerian aliinamisha kichwa. "Ya mke wangu."

"Basi kesho unakwenda kwa Atusaye. Bila hivyo mtumbwi huu hupandi."

Kesho yake Valerian alisimama kwenye maji ya kiunoni, ameng'ang'ania mtumbwi. Ufukoni walikuwa wamekaa wanawake wengi, wake wa wavuvi wale wale waliocheka. Walikuwa wanangoja zamu yao. Miaka yote wameishi kando ya ziwa, na hakuna mume aliyewahi kuwafundisha.