Penseli ya Théodule

Asubuhi hiyo karakana ilinuka gundi ya moto, na jiko lilikuwa baridi kama moyo wa mwenyewe.

Mwenyewe ni Anselme Poirson, fundi fidla wa Mirecourt, mji wa Ufaransa unaosifika kwa fidla, mjuzi wa kubeua midomo. Jana yake alifungua fidla kuukuu ya kiwanda cha pale pale mjini: mgongo wa milia, vanishi nyekundu kama plamu iliyoiva, sauti nene ya kumliza mtoza ushuru. Ndani akakuta maandishi ya penseli: *Théodule Barbelin, 1889. Mikono imekufa kwa baridi.*

"Kibarua wa kuchonga fidla kwa dazeni, naye anajiandika jina!" alibeua mdomo Anselme.

Akalikwangua jina, akabandika ndani kijikaratasi chenye jina la bingwa wa Kiitaliano. Leo saa tisa alasiri wapigaji fidla wa mji wa Nancy wangekuja kuiona. Wakimwamini, ataitwa mtambuzi mkuu wa fidla. Wakimcheka, kwisha habari yake.

Vijikaratasi Mirecourt nzima hubadilisha, hata wacha Mungu. Lakini mwandiko wa marehemu? Haiguswi.

*Kwaru. Kwaru.* Mkwaruzo ulitoka ndani ya fidla.

"Bibi Léontine," alimnong'oneza jirani aliyekuja kumtazama, mpakaji vanishi mkongwe, "mna panya humo."

"Panya anayechemsha gundi? Ulikwangua?"

"Kidogo."

"Kidogo! Kamasi nilikufuta mimi, Anselme. Akili hakukutia mtu. Mwandike tena, umwombe radhi."

"Mimi? Nimwombe radhi mchonga kuni?"

Mkwaruzo ukanyamaza. Kisha ukaanza mezani, ukashuka mguu wa meza, ukavuka sakafu, ukapanda suruali ya Anselme, ukapita ubavu mmoja baada ya mwingine kama fundi anayepima unene wa ubao, huku harufu ya gundi ikimjaa puani hata macho yakamtoka, mpaka ukafika kooni, ukatulia.

Saa tisa wageni wakaingia. Fidla ikapigwa, wakafumba macho kwa utamu.

"Kazi ya nani hii, bwana?"

Anselme akajitutumua amtaje Mwitalia. Ikatoka sauti nzito, si yake, yenye meno yanayogongana:

"Théodule Barbelin."

"Na kijikaratasi hiki?"

"Uongo wa Poirson."

Walicheka mpaka mlangoni, wakaendelea njiani.

Bibi Léontine akachukua kioo kidogo cha kuchungulia ndani ya fidla.

"Fungua mdomo, mtambuzi."

Juu kwenye kaakaa, karibu na koromeo, palikuwa na maandishi mabichi ya penseli, mwandiko ule ule: *Théodule Barbelin. Humu kuna joto.*