Muswada Wenye Kichwa Kirefu

Katibu Mezani, Bwana Chilongola, aliweka muswada juu ya meza ya kioo, akasoma kichwa chake, na kabla hajafunga kinywa Kigawa, mashine ya Bunge, kilikuwa kimeshamaliza kazi. Taa ya kijani iliwaka juu ya kiti cha mwenyekiti wa Kamati ya Kilimo, na sauti tulivu ikasema, "Muswada wa Mbegu. Kilimo." Ukaja wa njia za magari ya angani: Miundombinu. Ukaja wa kodi ya maroboti ya nyumbani: Fedha. Zamani Spika na makatibu wake walibishana wiki nzima muswada upi uende kamati ipi. Sasa akili unde ya Bunge la Jimbo la Nyika Kuu ilifanya hivyo kufumba na kufumbua, na wageni walitoka majimbo mengine kuja kuishangaa.

Jina lake kamili lilikuwa Kigawamiswada. Kilifundishwa kwa maamuzi yote ya Maspika waliopita. Na Maspika hao, tuseme ukweli, walikuwa wakisoma kichwa cha muswada tu, mwili wake wakawaachia wengine. Mashine ikarithi uvivu wao na kuuongezea kasi.

Subilaga Ndimbwa, mbunge wa Isangula, alikijua Kigawa kwa machungu. Kati ya kwao na kwa mbunge jirani yake, Mheshimiwa Mashimba, ndiko lilikokuwa shamba la vioo: maelfu ya vioo virefu kuliko nyumba, vinavyokusanya jua na kuwasha umeme wa jimbo zima, viyoyozi vya Bunge vikiwemo. Vioo vikishika vumbi, umeme hupungua. Maroboti ya kufuta vumbi yalijaribiwa, yakawa kila siku mabovu, ikaonekana binadamu ni rahisi zaidi. Basi binadamu wa pande zote mbili walifuta mchana, vioo vikiwa vimelitazama jua, maana kuvigeuza ni kupoteza umeme. Miwani waliyopewa haikufaa kitu. Ambwene, mdogo wake Subilaga wa tumbo moja, aliingia pale akiwa na macho mazuri kuliko yote nyumbani kwao, akatoka akishikwa mkono.

Muswada wa Subilaga ulikuwa na kifungu kimoja cha maana: mtu akifuta kioo, kioo hicho kilipe jua kisogo. Aliuwasilisha mara ya kwanza ukiwa na neno vioo kwenye kichwa. Kigawa kikaupeleka Nishati. Mara ya pili akautaja usalama wa wafanyakazi wa shamba la jua, Nishati tena. Mwenyekiti wa Nishati alikuwa huyo huyo Mashimba. Hakuukataa muswada, la hasha. Hakuupangia siku tu. Na muswada usiopangiwa siku hufa wenyewe mkutano wa Bunge ukifungwa, bila mtu yeyote kulaumiwa.

"Dada yangu, tulia," Mashimba alimwambia siku moja kwenye korido. "Subira yavuta heri."

"Heri ipi, Mheshimiwa? Macho ni meno ya utotoni, kwamba yataota tena?"

Hasira ile ndiyo iliyomfanya akae chini na kuzisoma Kanuni za Bunge, kitabu ambacho wabunge wengi hukitumia kuzuia mlango usijifunge. Kanuni ilisema kwamba katika kusomwa mara ya kwanza, kichwa cha muswada kisomwe chote. Ilisema Katibu akisoma, asizungumze mtu, hata Spika. Ilisahau kusema kichwa kiwe kirefu kiasi gani. Subilaga alimpigia Ambwene simu siku hiyo hiyo, akamwambia awakusanye wenzake.

Sasa jukwaa la wageni lilikuwa limejaa. Bwana Chilongola aliutazama muswada wa Subilaga, akamtazama na mwenyewe.

"Mheshimiwa, hiki chote ni kichwa?"

"Ndicho. Kisome."

Akakohoa. "Muswada wa Sheria kwa Ajili ya Ambwene Ndimbwa, Tabu Msengi, Yoeli Mtinda, Nyanzobe Lukelesha..."

Kila jina lilipotajwa, mtu alisimama jukwaani. Spika Kalokola alifumbua kinywa, Kanuni ikamfumba. Akawapungia mkono wakae. Hakuna aliyekaa. Akapunga tena kwa ukali, mikono yote miwili, na mbunge mmoja kijana akacheka. Kisha akaelewa kwamba watu wale hawauoni huo mkono, na akaacha kucheka. Majina yaliendelea. Jukwaa lote likawa limesimama.

Kigawa kilikaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Taa zilizunguka kiti hadi kiti na kuzimika.

"Nimetafuta," kilisema hatimaye. "Hakuna Spika aliyewahi kuamua lolote kuhusu watu hawa. Sina pa kuwapeleka."

 Mashine ilikuwa imesema kweli, na ilikuwa imewachongea Maspika wote.

"Huu ni mzaha!" Spika alipata sauti yake. "Kichwa cha muswada ni mada, si tangazo la msiba."

"Mheshimiwa Spika, mada ndiyo hao," Subilaga alisema. "Na kwa Kanuni, Kigawa kikishindwa, Bunge huamua hapa hapa. Natoa hoja muswada wangu uende Kamati ya Afya."

"Naafiki!" alisema yule kijana aliyecheka, na wengine wakasimama nyuma yake.

Spika akapumua. "Haya. Waheshimiwa, bonyezeni vitufe."

"Kwa sauti, Mheshimiwa Spika. Kanuni inaniruhusu kudai. Wenye muswada hawauoni ubao wa kura."

Spika aliitazama saa, akaitazama meza, akakosa pa kutazama.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ndiyo ile ilitikisa glasi za maji.

"Wasioafiki waseme siyo."

 Kisha kutoka kwenye kiti cha mwenyekiti wa Nishati ikatoka sauti moja, nzito, yenye kiburi: "Siyo."

Jukwaani, Ambwene aliinamisha kichwa kidogo kuelekea ilikotoka.

"Hiyo sauti tumeishika, Mheshimiwa," alisema. "Ukija kuomba kura, usijisumbue kubandika picha."