Wali Kulia, Supu Kushoto

Mama Yu-rim alishuka kwenye basi mjini Incheon jioni ya siku fupi kuliko zote za mwaka. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu tu na giza lilikuwa limeshajikalia kila mahali. Mkono wa kulia alibeba ndoo ya kimchi, kabichi kali ya pilipili aliyoichachusha mwenyewe. Wa kushoto alibeba sufuria nzima ya uji wa maharage mekundu, imefungwa kwa kitambaa cha maua.

"Mama, ndoo hiyo ilistahili tiketi yake," dereva alimtania.

"Ningeilipia, ingetaka kiti cha dirishani," akamjibu, na abiria wa nyuma wakacheka.

Ndivyo alivyokuwa. Sokoni Gunsan, alikouzia vitoweo, watu walikuja kununua kimchi na kuondoka na mbavu zinauma kwa kicheko. Jioni akifunga kibanda, mdomo nao ulifungwa. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, na tangu hapo nyumbani aliongea na kabichi. Kabichi haijibu, alisema, lakini angalau haikoromi.

Sasa alikuwa na jambo moja tu kichwani: binti yake.

Yu-rim alikuwa na miaka ishirini na sita, anaishi peke yake kwenye chumba kimoja, anajibu malalamiko ya wateja wa kampuni kwa kuandika tu, bila kumwona wala kumsikia mtu. Kwa miezi mitatu kila mama alipopiga simu na kuuliza, "Umekula?", jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile.

"Nimeshiba, Mama."

Halafu simu inakatwa.

Kila mwaka siku hiyo Yu-rim alirudi nyumbani kula uji mwekundu. Huliwa, na mwingine hupakwa kwenye miimo ya mlango, kwa sababu vitu visivyo na kivuli huogopa rangi nyekundu. Mwaka huu alisema hana nafasi. Mtoto akikataa kuolewa, sawa. Akikataa kupokea simu, sawa, ndio vijana. Lakini akatae uji wa mama yake? Mama Yu-rim alibeba sufuria yote, hata mlango wake mwenyewe hakuupaka, akapanda basi.

Ghorofa ya nne. Mlango wa mwisho.

Ulikuwa wazi. Kidogo tu, upana wa kiganja. Kwenye baridi ile ya kugandisha mate!

Harufu ikamfikia kabla hajagonga.

Ubani.

"Yu-rim?"

"Mama? Umekuja kufanya nini?"

Binti alikuwa ameketi sakafuni mbele ya meza ndogo. Juu ya meza palikuwa na simu, imesimamishwa kwenye kikombe. Hapakuwa na kingine.

"Nimekuja kukagua kama una miguu bado. Simama nikuone. Mungu wangu! Umekonda mpaka sweta inakutafuta humo ndani."

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua." Akasukuma mlango ukafungika, akafungua friji apange kimchi. Akasimama hapo hapo. Makopo manne aliyomtumia tangu vuli yalikuwa yamepangwa mstari, utepe wa mtu wa vifurushi bado juu yake. "Kimchi yangu imekukosea nini?"

"Pilipili inanichoma siku hizi. Na kitunguu saumu... kinanuka."

Mama Yu-rim akamwekea mkono kwenye paji la uso. Mtu aliyezaliwa Gunsan, akalelewa chini ya kibanda cha kimchi, aseme kitunguu saumu kinanuka! Paji lilikuwa baridi kama sinia.

Sinki ilikuwa kavu. Kwenye sufuria pekee ya jikoni aliandika herufi moja kwa kidole, kwenye vumbi.

"Kwa hiyo unakula nini?"

"Nimeshiba, Mama."

Na alipolisema hilo, pumzi yake ilinuka supu ya nyama na figili. Supu ya moto. Iliyoiva vizuri.

"Umekula wapi?" mama alinong'ona.

"Hapa hapa. Na Kaka Ha-gyeom." Kwa mara ya kwanza Yu-rim alitabasamu. "Kaa kimya sasa. Anaingia laivu."

Saa kumi na mbili na nusu kamili. Kioo cha simu kikawaka. Kijana wa kama miaka thelathini, sweta jeupe, sauti laini kama anaongea na mtoto mgonjwa. Aliketi kwenye meza fupi. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kalenda ya duka la mchele, na kando yake vipande vyeupe vya karatasi, safu kwa safu.

"Umekula?" Ha-gyeom aliuliza, akiangalia moja kwa moja.

Mama Yu-rim alikuwa ameshafungua mdomo ajibu. Akaufunga haraka, akaona haya.

"Anapika kila siku, anakula na sisi," Yu-rim alinong'ona. "Tupo arobaini na watatu tu. Watu wa mezani, anatuita. Unaziona zile karatasi? Ni majina yetu. Hataki majina ya utani, anataka jina lako kamili. Mama, anakumbuka kila kitu. Nikichelewa, ananisubiri."

"Na mimi nakusubiri Gunsan. Ukutani kwangu sijakubandika."

Kwenye kona ya kioo palikuwa na namba: 43. Mama aliitazama muda mrefu. Haikuongezeka. Haikupungua. Watu arobaini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda chooni?

Ha-gyeom akaanza kuandaa. Bakuli la wali na la supu upande wake. Jozi ya pili akaisogeza mbele, karibu kabisa na kioo, upande wa mtazamaji.

"Hiyo ni yetu," Yu-rim alisema.

Samaki mweupe. Figili nyeupe. Nyama bila tone la pilipili. Mama Yu-rim alitafuta wekundu kwenye meza ile kama anayetafuta pete mchangani. Hapakuwa na pilipili. Hapakuwa na kitunguu saumu. Tena jozi ile ya mbele: wali ulikuwa kulia, supu kushoto.

Akasogeza uso karibu na kioo.

Miaka thelathini alikuwa ameandaa meza za marehemu wa ukoo wa mumewe. Mkono wake ulijua hata macho yakiwa yamefumba. Mtu aliye hai huwekewa wali kushoto, supu kulia. Marehemu hugeuziwa, hufukiziwa ubani, na mlango huachwa wazi kidogo ili aingie. Na hawekewi pilipili wala kitunguu saumu, maana akivinusa hageuki tena, anakimbia.

"Yu-rim. Ile ni meza ya maiti."

"Mama! Ni kamera. Simu inageuza picha, kama kioo cha kujitazamia. Kulia inaonekana kushoto."

Mama akatulia. Basi, kamera. Yeye na simu walikuwa wanajuana kwa kupiga na kupokea tu. Alitaka kucheka. Alikuwa tayari na utani wake, anauvuta ulimini...

Halafu akaiangalia kalenda.

Jina la duka la mchele lilisomeka sawasawa. Tarehe zilisomeka sawasawa. Kwenye picha iliyogeuzwa, herufi nazo zingegeuka.

Hakuna kilichokuwa kimegeuzwa.

"Mwanangu," alinong'ona, "mbona kalenda inasomeka?"

Yu-rim alikuwa ameshainama kuelekea kwenye simu.

Ha-gyeom alichukua kijiko akakisimika katikati ya wali wa lile bakuli la mbele. Kikasimama wima. Hakuna mama duniani anayemwona mtoto akifanya hivyo mezani asimpige kofi la mkononi. Kijiko kinasimikwa kwa ajili ya aliyekufa tu.

"Karibuni," alisema.

Mvuke ulipanda kutoka kwenye supu. Ukafika juu. Ukapinda... ukaja mbele, kuelekea kwenye kioo, kama kuna mtu anauvuta kwa pumzi.

Na kwenye chumba kile kitupu, ikasikika sauti.

Nyap. Nyap. Nyap.

Yu-rim alikuwa anatafuna.

Mdomoni hakuwa na kitu.

Mama Yu-rim hakupiga kelele. Watu wa sokoni Gunsan wangeshangaa kusikia hivyo. Alifungua kitambaa cha maua, akachota uji kwa kiganja, akambana binti yake pua kama alivyombana akiwa na miaka minne siku za dawa, na mdomo ulipofunguka akausukuma uji ndani.

Yu-rim alijikunja. Akapaliwa. Akakohoa kutoka chini kabisa ya tumbo, na juu ya meza zikadondoka punje za wali. Nyeupe. Kavu. Baridi.

Ha-gyeom akaacha kuongea katikati ya neno.

Namba kwenye kona: 42.

"Kuna mtu ameinuka mezani," alisema taratibu. Macho yake yalipita huku na huku, kama mtu anayechungulia ndani kupitia dirisha. "Nani... nani amemlisha chekundu?"

Mama Yu-rim alichovya mkono wote kwenye sufuria akaupiga kwenye simu. Paa! Uji ukatapakaa kwenye kioo, kwenye kikombe, ukutani. Akapaka mlango. Akapaka dirisha. Akapaka na friji, haijulikani kwa nini, lakini mkono ulikuwa umeshachanganya.



Kisha sauti ndogo, nyuma yake, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi mitatu.

"Mama... nina njaa."

Walikula uji wote uliobaki wameketi sakafuni, kijiko kimoja, zamu kwa zamu, na wote wawili wakalia, na mama akasingizia tangawizi ingawa hakuweka tangawizi.

Baadaye Yu-rim alitoa maelezo. Mchana ule alikuwa amemwandikia Ha-gyeom kwamba leo nyumbani kwao wanakula uji mwekundu, huenda kijana alikisia tu. Huenda zile punje yeye mwenyewe alikuwa amezila mahali akasahau. Na kijana mwenyewe huenda ni mpweke tu, kalelewa bila bibi wa kumfundisha kupanga bakuli.

"Huenda," alisema mama.

Yu-rim alifuta programu ile usiku huo huo. Asubuhi alikula kimchi mpaka pua ikavuja. Mama akarudi Gunsan akiimba ndani ya basi.

Lakini shaka haikubaki Incheon. Mtoto akishakudanganya "nimeshiba" miezi mitatu, utajuaje kwamba hajarudi mezani? Akamwomba msichana wa duka la dawa amwekee ile programu kwenye simu. Ilimwomba jina. Watu wengine huandika Ua la Asubuhi au Paka Mnene. Yeye, kama anayejaza fomu ya serikali, aliandika jina lake kamili. Tak Mal-sun. Alilitazama kwa muda. Tangu mumewe afariki hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Yu-rim kwa kila mtu.

Nia yake ilikuwa kuangalia namba tu. Ikisoma 42, anazima na kulala.

Jioni ya kwanza ilisoma 43.

Akamshuku binti yake. Jioni ya pili, 43. Akamshuku zaidi. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu alikaa mbele ya simu, mlango wa baraza ukiwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa, akivizia namba ishuke. Na kwa kuwa yupo pale, alimsikia pia kijana akiuliza, "Umekula?" Ni adabu tu kujibu. Akawa anajibu.

Mwishoni mwa Januari wateja walianza kulalamika.

"Mama Yu-rim, kimchi yako siku hizi ina nini? Nyeupe kama ya hospitali!"

"Ulimi wako ndio umezeeka," aliwajibu, na wakacheka. Lakini alipoonja, aliiona kali mno. Ilimchoma.

Jioni hiyo, 43 ikiwa inamtazama, alichukua simu nyingine, ile ya oda za kibandani, akampigia binti yake.

"Sema ukweli. Umerudi kwa yule mtu?"

"Mimi? Nilifuta siku ile ile! Niko hapa nakula kimchi yako. Ile ya zamani, maana hii mpya..." Yu-rim akasita. "Mama, unajuaje wapo wangapi?"

"Naingia kuangalia. Kila siku wapo arobaini na watatu."



"Mama," Yu-rim alisema polepole sana. "Ukiingia kuangalia, na wewe unahesabiwa."

Mama Yu-rim akageuza macho kwenye kioo. Wali kulia. Supu kushoto. Kijiko wima. Ukutani, kando ya kalenda, karatasi mpya, nyeupe kuliko nyingine. Herufi zilisomeka vizuri kabisa.

Tak Mal-sun.

Mvuke ulipanda. Ukapinda.

"Mama, umekula?" Yu-rim aliuliza kwenye simu ya oda.

Alitaka kusema njoo. Alitaka kusema mlango uko wazi na miguu yangu haisimami. Kopo la kimchi lilikuwa pale mezani, umbali wa mkono mmoja, na harufu ya kitunguu saumu ilimfanya ageuze uso.

"Nimeshiba," alisema.

Ukasikika mlio wa funguo, zipu ya koti, viatu vinavyovutwa. "Usikate simu! Nakuja. Kuna basi la saa moja. Weka pilipili mdomoni, Mama, unanisikia? Hata mbichi! Endelea kuongea na mimi. Nitanie, tafadhali, nitanie!"

Kwenye kioo Ha-gyeom aliinua kichwa, kama aliyesikia hatua za mtu kwenye ngazi za mbali.

"Ana mwendo wa saa tatu njiani," alisema kwa upole. "Tusimngoje, Mal-sun. Chakula kinapoa."

Na kwenye simu ya oda, katikati ya pumzi za mtu anayekimbia kwenye theluji, sauti ya binti ikaita.

"Mama? ...Mama, unatafuna nini?"