Hadubini Iliyofungiwa Kabatini

Penseli yangu ilikuwa imefika kwenye kioo. Sehemu nyingine zote za hadubini nilikuwa nimekwisha kuzinakili kutoka ubaoni: kitako, mkono uliopinda, mrija, meza ndogo yenye tundu katikati, na skrubu mbili za kupandishia na kushushia. Kilichobaki kilikuwa kioo cha kuakisia mwanga. Mwalimu Rutayisire alikuwa amekichora juu kabisa, karibu na mahali pa kuwekea jicho, kimekaa kama kofia. Wanafunzi arobaini na watatu tulikuwa tumeinamia madaftari yetu. Nje zilisikika nyundo za mafundi wa magari wa Biryogo, mtaa wetu.

Niliutazama ubao mara ya pili. Kisha nikachora kioo chini, katika nafasi iliyo kati ya kitako na meza ndogo.

Sikufanya hivyo kwa ujeuri. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilishikwa na malaria, nikapelekwa zahanati. Mpimaji wa damu pale aliitwa Karangwa. Wagonjwa wote walimwita Daktari, ingawa mwenyewe alikuwa akikataa kila mara. Alinikuta nimesimama mlangoni mwa chumba chake, nachungulia.

"Unataka kuwaona wadudu waliokulaza?" aliniuliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Mimi si daktari. Njoo. Mikono nyuma, lete jicho tu."

Niliona duara la mwanga lenye vidoa vya zambarau. Alipogeuka kuandika majibu, niliitazama ile mashine yenyewe. Kioo chake kilikuwa chini, kimeelekezwa dirishani.

Shule yetu nayo ilikuwa na hadubini. Ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule, kwenye kabati la chuma. Wageni waliizawadia shule mwaka 1986, na tangu hapo ilitolewa mara moja kwa mwaka ili ihesabiwe pamoja na viti na meza. Sasa ulikuwa mwaka 1992, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameigusa. Sisi tulijifunza mchoro wake.

Mwalimu Rutayisire alipita kati ya madawati akiwa na kalamu nyekundu. Hakuwa mwalimu mbaya. Alifika shuleni kabla yetu, hakuwa na fimbo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa kitabu. Alifundisha kutoka kwenye daftari lake la zamani lenye jalada la kaki, alilokuwa nalo tangu alipokuwa chuo cha ualimu. Alisimama kando yangu.

"Swafiya, kioo chako kimeanguka?"

Darasa lilicheka.

"Hapana, Mwalimu. Ndipo kinapokaa."

"Ubaoni kiko wapi?"

"Juu."

"Na mimi nilisema mfanye nini?"

"Tunakili."

"Basi nakili."

"Nimenakili vyote, Mwalimu, isipokuwa hicho. Niliiona hadubini zahanati. Haikuwa na kioo juu."

Nyuma yangu Clovis alijikoholesha kwa nguvu. "Dokta Swafiya! Mafua yananiua, nipime basi!"

Darasa lilicheka tena, lakini Mwalimu hakucheka. Alipiga mstari mwekundu juu ya mchoro wangu, taratibu, kwa kutumia rula.

"Kesho uje na mchoro uliosahihishwa. Usipokuja nao, utakaa nje ya somo langu mpaka siku utakapokuwa nao. Mtihani wa taifa hausahihishwi na watu wa zahanati."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mwaka ule tulikuwa tumekwisha kupoteza wiki nyingi za masomo kwa sababu ya fujo mjini. Mwaka uliotangulia ni wanafunzi wawili tu wa shule yetu waliopata nafasi ya sekondari. Nilitaka kuwa mmoja wa mwaka huu, na kila somo la sayansi nililokosa lingenivuta nyuma.

Jioni nilipitia gereji alikofanya kazi baba yangu. Miguu yake tu ndiyo ilionekana, ikitokeza chini ya gari.

"Baba, mtu akichora tofauti na mwalimu wake, amekosa adabu?"

"Nipe spana ya kumi na tatu." Nikampa. "Amechora nini?"

Nilimweleza yote. Spana iliacha kugonga.

"Hicho kioo ulikiona au ulisimuliwa?"

"Nilikiona."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ukiwa na homa?"

"Ndiyo, Baba."

Alitoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Mara moja, tena na homa. Swafi, mimi gari likinijia na mlio, sifungui injini kwa kusikia mara moja. Rudi kaangalie vizuri. Ukikuta umekosea, futa, na umwombe mwalimu wako radhi mbele ya wenzako. Ukikuta ni sawa, usifute. Hata mimi nikikuambia ufute, usifute."

Nilikwenda zahanati mbio kabla haijafungwa. Karangwa alikuwa akipanga chupa zake.

"Leo unaumwa nini?" aliuliza.

"Nimekuja kuuliza. Naomba kuangalia tena."

Alinikalisha mbele ya hadubini. Nikaweka jicho, nikaona duara la mwanga. Kisha nikapitisha kiganja changu juu ya kile kioo cha chini. Giza. Nikaondoa kiganja, mwanga ukarudi. Nilifanya hivyo mara tatu. Halafu nikakigeuza kioo kuelekea ukutani, nikapata giza jingine, nikakirudisha dirishani. Karangwa aliniacha niendelee, ingawa nilimchelewesha kufunga. Mwisho nilichora kila sehemu upya, polepole, nyuma ya karatasi ya vipimo aliyonipa.

"Mwanga lazima upite kwenye kitu kwanza, ndipo ufike jichoni," alisema. "Kioo kikiwa juu, utaona jicho lako mwenyewe." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka: "Lenzi zinaota ukungu zikifungiwa. Pamba na spiriti kidogo, usisugue."

Asubuhi nilifika darasani na daftari langu likiwa vilevile, mstari mwekundu juu yake. Mwalimu Rutayisire alilitazama, akanirudishia.

"Umeamua?"

"Niliangalia tena, Mwalimu. Ni chini."

Alinionyesha mlango.

Nilitoka, lakini sikurudi nyumbani. Nilikaa chini ya dirisha la darasa, nikaweka daftari juu ya magoti, nikaandika kila nilichosikia. Siku ya pili ilinyesha mvua ya manyunyu. Nikasogea karibu na ukuta, nikaendelea kuandika. Mwalimu alijua kwamba niko pale. Hakunifukuza, na mimi sikuomba kuingia.

Wakati wa mapumziko Clovis alitoa kichwa dirishani.

"We Swafi, futa tu! Kioo chenyewe kikubwa kama sarafu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Yaani unanyeshewa kwa sababu ya mduara mmoja!"

"Na wewe ukijibu swali, jibu kwa sauti. Jana sikukusikia."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Lakini kipindi kilichofuata kila alipoulizwa swali alijibu kwa kelele kama muuza magazeti, mpaka Mwalimu akamwuliza kama masikio yake yameziba.

Siku ya tatu kivuli kiliangukia daftari langu. Alikuwa Madamu Pudentienne, mkuu wa shule.

"Huyu mtoto anafanya nini nje?"

Mwalimu Rutayisire alikuja mlangoni. Alieleza mambo yote kwa haki, bila kuongeza chumvi. Alisema hata kwamba nilikuwa nikisikiliza kutoka nje. Madamu alinigeukia.

"Swafiya, mwalimu wako amekupa kazi. Kwa nini huimalizi?"

Niliogopa. Nikafunga daftari, nikasimama.

"Madamu, hadubini iko kwenye kabati lako. Naomba uifungue. Kama kioo kiko juu, nitafuta mbele ya darasa zima, na nitamwomba Mwalimu radhi. Kama kiko chini, naomba nirudi kwenye dawati langu."

"Unajua nilitia sahihi kwa ajili ya ile mashine? Ikivunjika nitaulizwa mimi."

"Ndiyo, Madamu. Lakini mtihani tutaulizwa sisi."

Nilidhani nimejimaliza. Madamu alimgeukia Mwalimu Rutayisire.

"Mwalimu, wewe unasemaje?"

Angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia pale. Alikunja jalada la daftari lake la kaki, akalikunjua.

"Na mimi ningependa kuiona, Madamu," alisema.

Madamu alirudi amebeba sanduku la mbao, akaliweka juu ya meza ya mwalimu. Wanafunzi walisimama juu ya madawati ili waone. Alifungua kitambaa cheupe. Hadubini ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kitu kipya. Na chini, kati ya kitako na meza ndogo, kulikuwa na kioo cha duara.

Clovis alianza kucheka, kisha akamwona Mwalimu, akanyamaza.

Mwalimu Rutayisire alikuwa ameshika mkono wa ile mashine kwa vidole viwili, kama mtu anayesalimia mgeni. Akafungua daftari lake, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alilitazama mpaka tukadhani amesahau kwamba tupo.

"Njoni," alisema. "Njoni muone hapa."

Tukamzunguka. Katika mchoro wake wa zamani kioo kilikuwa juu, kweli. Lakini kutoka kwenye kile kioo kulikuwa na mstari mwembamba wa penseli, umefifia, ukishuka ukurasa mzima hadi kwenye kitako.

"Mwalimu wangu alikosa nafasi sehemu ya chini ya ubao," alisema. "Akakichora kioo juu, pembeni, kikubwa, halafu akavuta mstari kuonyesha kinakokaa. Nilinakili mstari. Baadaye nikadhani ni alama ya kukunja karatasi. Miaka kumi na minne nafundisha mchoro huu, na hii ni mara ya kwanza naishika hadubini kwa mkono wangu."

Alichukua kifutio, akafuta kioo kilichokuwa ubaoni. Kisha, kwa kalamu ileile nyekundu na rula ileile, akapiga mstari kwenye daftari lake mwenyewe.

"Swafiya, kaa kwenye dawati lako. Nilikuweka nje kwa kosa langu. Nisamehe."

Sikuwahi kuombwa radhi na mtu mzima. Nilisema tu, "Asante, Mwalimu," nikakaa.

Madamu aliinama kuweka jicho. "Mbona sioni kitu? Ni ukungu mtupu!"

Lenzi zilikuwa zimeota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Madamu alishika kichwa. "Imeharibika! Na hakuna aliyeigusa!"

Niliinua mkono. Niliwaeleza maneno ya Karangwa kuhusu pamba na spiriti. Madamu alileta vyote viwili kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mwalimu alisafisha lenzi ya kwanza, mimi nikashika pamba. Hatukusugua. Ile lenzi ilichukua nusu saa, na ya jicho nusu saa nyingine. Lenzi kubwa ya tatu ilikuwa na ukungu mwingi zaidi, tukaiacha kwanza. Ingrid, aliyekuwa akikaa mbele, alitoa kitunguu kwenye mfuko wa vitu alivyotumwa na mama yake, na Mwalimu akabandua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu hicho, akaiweka juu ya kipande cha kioo kilichokuwa kwenye sanduku la hadubini.

Tuliitwa kwa namba za orodha. Wa kwanza alipoweka jicho alipiga kelele: "Kuna matofali! Kitunguu kina matofali!" Wa pili alimsukuma ili ayaone. Mwalimu alisimama ubaoni na chaki, akiitazama mashine, kisha ubao, kisha mashine. Alianza kuchora upya, safari hii bila daftari.

Kengele ililia tukiwa tumefika namba kumi na moja. Mimi nilikuwa namba thelathini na nane.

Madamu alishika kitambaa cheupe. Mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha kutoa ufunguo. Aliutazama, akaurudisha mfukoni.

"Watoto, nisikilizeni," alisema. "Niliitunza hadubini hii kwa miaka sita, na kwa kuitunza vile nusura niiue. Chombo cha kufundishia kinatunzwa kwa kutumiwa na mikono safi. Na mambo mnayofundishwa ni hivyohivyo: yanakiliwe, sawa, lakini siku ikipatikana nafasi ya kuyaangalia kwa macho, yaangaliwe. Mwenzenu aliangalia, akarudi kuangalia tena, ndipo akakataa kufuta. Kukataa peke yake kungekuwa ukaidi tu."

"Itarudi kabatini, Madamu?" aliuliza Clovis.

"Italala kabatini. Asubuhi mwalimu wenu atachukua ufunguo."

Tulikusanya mikoba. Ubaoni mchoro mpya ulikuwa umefika nusu: kitako, mkono, na kioo chini, mahali pake. Mrija ulikuwa bado. Mwalimu Rutayisire aliandika pembeni kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wale wa zamu ya usafi: USIFUTE. Akaweka chaki mezani.

"Kesho tunaanza na namba kumi na mbili," alisema. "Na lenzi ya tatu. Swafiya, mwombe baba yako kule gereji akupe kitambaa laini."