Pawabanki Iliyotoka Jasho

Talatu alichomeka simu yake kwenye pawabanki ya mtumba, akasubiri. Muuzaji wa sokoni Kano alikuwa amempa hadi Ijumaa aijaribu. Isipotunza chaji, airudishe. Simu ikajaa. Akachomeka ya jirani yake Azumi, nayo ikajaa. Taa nne za pawabanki zilikuwa zinawaka vilevile.

"Mwenzangu, umeokota dhahabu," alisema Azumi.

"Dhahabu gani inanuka?"

Ilinuka kweli, na si harufu ya plastiki iliyoungua. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko. Talatu alipoishika ilikuwa na joto la kwapa, inabonyea, inatoka jasho. Alifuta vidole kwenye kitenge. Vikaendelea kunata.

Kesho yake binti yake mkubwa alikataa tuwo, ugali wa mtama. Tangu asubuhi alikuwa amejilaza mkekani, pawabanki chini ya shavu, na shavu lenyewe limebonyea kama la mgonjwa wa siku nyingi.

"We msichana, itoe hiyo!" Talatu alifoka, akaivuta. Ngozi ya shavu ilifuatana nayo, ikaachia kwa mlio wa kamasi, na ndani ya tundu la waya aliona nywele za mwanawe, zimelowa, zimeota kutokea ndani. Aliitupa. Akatapika mlangoni.

Malam Gambo, mwalimu wa Kurani aliyeitwa na Azumi, alifika baada ya adhuhuri, kilemba kimeziba pua.

"Nani anamwita huyu mtoto?"

"Hakuna, Malam."

"Nyamaza usikie."

Msichana alikuwa ameshaikumbatia tena ile pawabanki. Ndani yake ikatoka sauti ya chini, laini, sauti ya Talatu mwenyewe: "Lubabatu... Lubabatu wangu..."

Talatu hakuwahi kulitamka jina hilo. Mama mwenye haya hamtaji mzaliwa wake wa kwanza. Tangu azaliwe alikuwa "we msichana" tu.

Lubabatu alitabasamu, macho ameyafumba. "Naam, Mama."

"Linamvuta," Malam alinong'ona. "Mwite kwa jina, haraka."

"Mbele ya watu, Malam?"

"Au ukamwoshe maiti mbele ya watu?"

"Lu... Lubabatu!"

Mtoto akageukia ukuta. "Wewe siye. Mama yangu yuko huku."

Hapo Talatu akasahau haya, akasahau Malam, akasahau hata hofu, akafoka kama alivyofoka kila siku ya Mungu huku machozi na kamasi vikimchuruzika hadi mdomoni: "We msichana! Tuwo inaungua jikoni na wewe umelala? Inuka!"

Lubabatu aliruka kabla hajafumbua macho. Malam akaimwagia ile pawabanki maji ya kombe yaliyooshea aya, ikavimba, ikajamba, ikapasuka na kutema usaha wa manjano wenye meno madogo ya maziwa. Waliisukuma kwa jembe hadi shimoni chooni. Talatu alisugua mikono kwa majivu mpaka ikawasha.

Jioni msichana alikula mabakuli mawili, akaomba la tatu.

Asubuhi Talatu alikuwa akitwanga mtama alipomwona anaweka chini ndoo na kukimbilia uani, upande wa choo.

"Unakwenda wapi?"

"Si umeniita?"

Mchi ukasimama hewani. Kutoka shimoni, pamoja na ile harufu, ilipanda sauti ya mwanamke aliyechoka, mwenye hasira za kila siku:

"We msichana! Inuka, njoo!"